Kitabu cha kuanzia usimamizi wa miradi: nianze na kipi? (Niko Tanga, mradi wa mwani)

Mwani_wa_Tongoni (mleta uzi)

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine habari za saa hizi.

Niko Tanga mjini, kwenye shirika dogo linalofanya kazi na vikundi vya kina mama wa mwani, pwani ya kusini mwa jiji. Miaka yote nimekuwa mtu wa fildi: kutembelea vikundi, kupima mavuno, kuandika takwimu. Mratibu wetu ameondoka, mkurugenzi kaniita ofisini kaniambia mratibu sasa ni mimi, mengine nitajifunza mbele ya safari.

Mradi wenyewe ni chanja za kukaushia mwani, stoo moja ya kuhifadhia, na mafunzo kwa vikundi. Kabla fedha ya awamu ya kwanza haijatoka, mfadhili anataka mpango kazi, bajeti iliyogawanywa kwa robo mwaka na orodha ya vihatarishi. Diploma yangu ni ya maendeleo ya jamii, usimamizi wa miradi sikuusomea kama somo.

Nataka kitabu kimoja cha kuanzia, nikisome nikiwa nafanya kazi. Nimeuliza watu watatu. Mmoja wa Dar kasema PMBOK, ule mwongozo wa Wamarekani wa usimamizi wa miradi, full stop. Wa pili kasema ile ya For Dummies. Wa tatu kanitumia picha ya kitabu cha Kerzner, nilivyoona unene wake nikazima data.

Kiingereza nasoma, ila kile cha kawaida. Nisaidieni.

Karani_Barabara_ya_Nne

PMBOK tu dada. Mengine mbwembwe. Matangazo yote ya kazi yanataja hiyo. Pale Chongoleani linapoishia bomba la mafuta la kutoka Uganda wanataka watu wenye PMP, kile cheti cha mameneja wa miradi, hawakuulizi umesoma Dummies.

FundiSaruji

Mimi nasimamia ujenzi, kitabu sijawahi kusoma hata kimoja na majengo yamesimama. BOQ (orodha ya vifaa na gharama) iwe sahihi, fundi mwaminifu, mchanga usiwe wa baharini. Hayo mengine ni maneno ya semina.

Bi_Chumbageni

@FundiSaruji majengo yamesimama, swali ni yalisimama mwaka gani na yaliahidiwa mwaka gani 😂

Mzee_wa_Raskazone

Mama mratibu, hongera kwa kupandishwa na pole kwa jinsi ulivyopandishwa. Nitaandika kirefu, mwenye haraka aruke.

PMBOK kwanza, maana ndiyo jina ambalo kila mtu analo mdomoni. Inatolewa na PMI, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1969, na toleo la kwanza la mwongozo huo ni la 1996. Ni kitabu cha watu wanaoijua kazi tayari, cha kuwafanya wakubaliane kitu gani kiitwe nini na kikae wapi. Toleo la sita, la 2017, lina kurasa 756 na michakato 49, na kila mchakato umeorodheshewa vinavyoingia, zana zake na vinavyotoka. Ni kamusi. Kamusi unaifungua ukiwa na neno mkononi, hujifunzi nayo kuongea. Toleo la saba, la 2021, limegeuza meza nzima: ile michakato imewekwa kando, zimekuja kanuni 12 na maeneo 8 ya utendaji. Mtu aliyekwisha kuunguzwa na miradi kadhaa atalisoma akitikisa kichwa kwa kukubali. Wewe unayedaiwa mpango kazi utalimaliza na karatasi yako bado nyeupe.

Ndugu yangu Karani anachanganya vitu viwili, kujifunza kazi na kupata cheti. PMP ina masharti. Mwenye shahada anatakiwa awe ameongoza miradi kwa miezi 36, asiye na shahada miezi 60, na juu yake saa 35 za mafunzo. Kwa anayeanza kabisa PMI hiyohiyo ina mtihani mdogo, CAPM, unaotaka elimu ya sekondari na saa 23 za mafunzo. Kwa hiyo hata huko Chongoleani anayeanza leo hawezi kuanzia kwenye PMP akitaka. Na mwenye nia ya mtihani aangalie mwaka wa kitabu: mtihani wa PMP ulibadilishwa Januari 2021, karibu nusu yake ikawa mambo ya agile, yaani kufanya kazi kwa vipande vifupi huku mpango ukibadilika njiani. Vitabu vya mazoezi vya kabla ya hapo uviache hukohuko kwenye mitumba.

Ila kwa kujifunza kazi yenyewe, mwaka wa kitabu usikutishe. Chati ya Gantt ilikuwa inatumika miaka ya 1910. Hesabu ya kujua kazi ipi ikichelewa siku moja mradi wote unachelewa siku moja ilitengenezwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950, kampuni ya DuPont kwa upande wake na Jeshi la Majini kwa upande wake kwenye makombora ya Polaris. Kitabu cha 2005 kikieleza hayo vizuri bado ni kizima.

Sasa namna ya kuchagua. Ukishika kitabu chochote cha aina hii usianze na sura ya kwanza. Sura za kwanza zote ni ndugu wa tumbo moja: mradi una mwanzo na mwisho, meneja awe msikivu, na kadhalika. Nenda moja kwa moja kwenye sura ya kuchanganua kazi, pale wanapofundisha kulikata lengo kubwa vipande hadi kila kipande kimpate mtu wa kukibeba. Soma kurasa tano tu. Kisha chukua karatasi ujaribu mradi wako mwenyewe kwa kufuata walichosema. Umekwama kwa sababu hawakuonyesha, wamesema tu "changanua kazi" wakapita? Rudisha kitabu kabatini.

Tufanye na wako. Chanja: nguzo, wavu, misumari, fundi, na eneo la kuzijenga ambalo serikali ya kijiji imeliridhia. Stoo: kiwanja, msingi, zege, kuta, paa, mlango wenye kufuli na mtu wa kushika ufunguo (huyu husahaulika kila siku). Mafunzo: mada, mkufunzi, mahali, na tarehe ambayo kina mama wanapatikana. Hapo kwenye tarehe ndipo mpango kazi wa ofisini unapofia. Bamvua ni mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Maji yakikauka sana kina mama wako shambani baharini, hata ukiwaita na posho hawaji, na wakija ujue umewaharibia mavuno. Mafunzo ni wakati wa maji mafu. Mwani nao unataka kama wiki sita toka kupandwa hadi kuvunwa, na masika, Machi hadi Mei, kukausha ni shida, ndiyo maana ya chanja zenyewe. Chanja zikikamilika Juni zimekosa msimu zilioombewa fedha. Zege nalo lina muda wake, hesabu ya kawaida ni siku 28 kufikia nguvu iliyokusudiwa.

Panga hayo yote yakifuatana, lipi linasubiri lipi, utaona kuna mnyororo mmoja usio na nafasi ya kupumua. Kwa kuangalia tu naona ni huu: ridhaa ya kijiji, eneo, nguzo, chanja, kabla ya Machi. Stoo inaweza kuchelewa kidogo, ridhaa ya kijiji haiwezi. Kitabu kinachokufikisha kwenye kuuona mnyororo huo ndicho cha kuanzia, kiwe na jalada la njano au jeusi.

Majina sasa. Kwa kazi yako anza na mwongozo wa PM4NGOs unaoitwa Project DPro, zamani PMD Pro. Umeandikwa kwa ajili ya watu wa mashirika ya maendeleo na unapakuliwa bure kihalali kwenye tovuti yao. Faida yake ni kwamba hauanzii mradi ukiwa umeshaandikwa kama vile vya makampuni. Unaanzia kwenye kubuni, yaani mti wa matatizo, mti wa malengo, bangokitita (logframe), ndipo unaingia kwenye ratiba, bajeti na vihatarishi. Mfadhili wako anaongea lugha hiyohiyo. Kasoro yake ni ukavu, unasomeka kama waraka wa wizara.

Ukitaka cha kukushika mkono kwa taratibu, Project Management For Dummies cha Stanley Portny si cha kuchekwa. Jina ndilo linalokiponza. Kinaanza na kwa nini mradi upo na nani wanahusika kabla hakijagusa ratiba, mpangilio ambao vitabu vingi vya bei kubwa havina.

Kerzner mwache kwa sasa. Ni kitabu cha darasani, cha mtu mwenye mhadhiri na muhula mzima.

Karani_Barabara_ya_Nne

Mzee nimekusoma. Kwenye CAPM nakubali. Lakini PMBOK toleo la sita bado naitetea, kwa sababu kila kitu kimo.

Mzee_wa_Raskazone

Kimo, ndiyo. Na ndiyo shida ya anayeanza, hajui aanze kuchota wapi. Akiisha kuendesha mradi mmoja ataifungua na ataipenda.

Sahare_Mpya

Nina PDF ya Dummies na ya PMBOK zote, mwenye shida aje inbox nimtumie.

Bi_Chumbageni

Sahare tusianzishe hayo hapa, uzi utafungwa. Vya bure vya halali vipo na vinatosha. Mbali na huo wa PM4NGOs kuna Project Management cha Adrienne Watt, kimetolewa na BCcampus ya Kanada kama kitabu huria, unakipakua kizima, unaweza hata kukichapa ukakipeleka steshenari wakakitia spairo bila kuogopa mtu. Kiingereza chake chepesi. Halafu Tume ya Ulaya wana mwongozo wao wa PM², nao bure, huo ni mfupi na una violezo vya hati. Mimi nilichukua violezo tu, maelezo niliyaacha.

Na mwanachama wa PMI anapakua PMBOK bila malipo ya ziada, kwa hiyo Karani kama kweli anaelekea kwenye mtihani, ada ya uanachama inamlipa.

Mwani_wa_Tongoni

Asanteni sana. Mzee wa Raskazone, shikamoo tena. Hilo la mtu wa kushika ufunguo limenichekesha maana kwenye rasimu yangu kweli hayupo.

Swali la nyongeza. Maktaba ya mkoa hapa, nikienda nitapata chochote? Na je, hivi vitabu vinafundisha kukaa na watu? Naona ratiba nitaiweza. Ninachoogopa ni mwenyekiti wa kijiji, wenyeviti wa vikundi viwili wasiosalimiana, na mnunuzi wa mwani mwenye bei yake mfukoni.

MtuWaKange

Maktaba nenda, ile ya zamani waliyokuwa wanaiita King George. Usitegemee toleo jipya. Tegemea utulivu, meza, na vitabu vya menejimenti vya miaka ile. Kama alivyosema mzee, misingi haijabadilika.

Bi_Chumbageni

Kuhusu watu: kuna Project Management for the Unofficial Project Manager cha Kory Kogon na wenzake wawili, cha 2015. Jina linakuhusu kabisa, kimeandikwa kwa mtu aliyejikuta kapewa mradi bila cheo wala mafunzo. Ratiba kinaigusa juujuu. Nguvu yake iko kwenye kuongoza watu ambao huwezi kuwaamrisha, na wewe mwenyekiti wa kijiji humwamrishi, kina mama huwaamrishi, mnunuzi ndiyo kabisa. Mifano yake ni ya ofisi za Marekani, mikutano na barua pepe, inabidi uivue koti.

Kuhusu wale wawili wasiosalimiana hakuna kitabu, tafuta mtu mzima wa pale pale.

FundiSaruji

Sasa mmenivutia. Ila niseme kitu ambacho hamkisemi. Vitabu vyote hivyo ni vya nje. Hakuna kitakachokwambia habari ya NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, wala kamati ya ujenzi, kamati ya manunuzi na kamati ya mapokezi kwenye fosi akaunti, yaani ujenzi ambao serikali inausimamia yenyewe bila mkandarasi. Siku fedha ikipitia halmashauri, ratiba yako nzuri itakaa inasubiri mtu aingize zabuni kwenye mfumo. Hiyo iweke kwenye vihatarishi namba moja.

Mzee_wa_Raskazone

Fundi hapo umepiga msumari kwenye nguzo. Mama mratibu, muulize mkurugenzi leo: fedha za stoo zinapita kwenye akaunti ya shirika au ya halmashauri? Zikipita halmashauri, Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inakuhusu, na mwongozo wa kusoma siku hiyo ni wa PPRA, mamlaka ya kudhibiti ununuzi wa umma, hivi vyetu unaviweka pembeni.

Na vihatarishi usiviandike kwa kunakili kitabuni. Nimeona orodha za miradi ya pwani zina "kuyumba kwa soko la dunia" lakini hazina maji ya moto yanayoua mwani wa cottonii. Kila mama wa mwani anajua cottonii ina bei kuliko spinosum na inakufa kirahisi zaidi joto la maji likipanda. Hilo ni la kuandikwa, pamoja na utafanya nini likitokea na nani ataliona wa kwanza. Kitabu kizuri kitakupa safu za jedwali. Ya kujaza yako baharini.

Karani_Barabara_ya_Nne

Na mnaosema miradi inachelewa kwa kukosa vitabu, mbona wakubwa wenye PMP zao wanachelewa? Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, jiwe la msingi limewekwa Chongoleani Agosti 2017, tukaambiwa 2020 mafuta yanafika. Uamuzi wa mwisho wa uwekezaji wenyewe umekuja Februari 2022.

Mzee_wa_Raskazone

Swali zuri, kwa mara ya kwanza leo 😀. Bent Flyvbjerg, Mdenmaki, amekusanya takwimu za miradi zaidi ya 16,000 ya nchi nyingi, na kitabu alichoandika na Dan Gardner mwaka 2023, How Big Things Get Done, kinasema iliyomalizika ndani ya bajeti na ndani ya muda ni asilimia 8.5 tu. Ukiongeza sharti la tatu, kwamba ilete faida iliyoahidiwa, inabaki asilimia 0.5. Maelezo yake kwa ufupi: watu wanakimbilia kuchimba kabla hawajamaliza kufikiri, na makadirio yao hawayapimi kwa miradi ya aina hiyo iliyokwishafanywa na wengine. Bomba ni mkopo, kesi, fidia, nchi mbili, hilo tuwaachie wenyewe. Ila hiyo ya kupima kwa waliotangulia inafaa hata kwa chanja: kabla ya kuandika "wiki tatu", waulize waliojenga chanja Mkinga au Pangani ziliwachukua muda gani toka kikao cha kwanza hadi mwani wa kwanza kuanikwa.

Ni kitabu kitamu kuliko vyote nilivyotaja. Usianze nacho lakini. Kitakufanya ujue kwa nini miradi inaanguka kabla hujajua kuusimamisha wako.

Mwani_wa_Tongoni

Nimeelewa. Nimeshapakua ule wa PM4NGOs, jana usiku nimefanya jaribio la kurasa tano la Mzee kwenye sura ya kuchanganua kazi. Nimeweza hadi kwenye stoo, nikakwama kwenye mafunzo kwa sababu sikuwa na kalenda ya maji karibu. Cha Watt nimekiweka kwenye simu kwa ajili ya daladala. Dummies nitakiagiza mshahara ukitoka.

Mkurugenzi anasema fedha zinapita kwetu, isipokuwa mchango wa halmashauri kwenye kiwanja. Kwa hiyo Fundi, hiyo namba moja yako imeshuka namba nne.

Je, ratiba niiweke kwenye programu gani? Kuna mtu kaniambia ninunue ile ya Microsoft.

Bi_Chumbageni

Usinunue kitu. Excel inatosha: safu mlalo ni kazi, safu wima ni wiki, wiki za bamvua zipake rangi nyekundu usipange mkutano humo. Halafu ichape kubwa uibandike ofisi ya kijiji. Programu za ratiba ni za mtu mwenye kazi mia tatu.

FundiSaruji

Namba nne si mbaya. Nitumie BOQ ya stoo niiangalie, bure, ila usinipe kitabu.

Duga_Digital

Nimechelewa kuuona uzi. Mimi niko kwenye mambo ya programu za simu, tuko vijana wanne, hivi vyote mlivyotaja vinanihusu au nina vyangu?

Mzee_wa_Raskazone

Kijana, wewe una vyako. Anza na mwongozo wa Scrum, utaratibu wa timu ndogo kufanya kazi kwa awamu fupifupi, wa Schwaber na Sutherland, toleo la 2020, ni bure na ni wa kurasa chache, jioni moja unaumaliza. Mchanganuo wa kazi na wadau jifunze kwa Watt kama wengine. Baadaye Making Things Happen cha Scott Berkun, aliyekuwa Microsoft, anaandika kama mtu anayepiga soga. Na The Mythical Man-Month cha Fred Brooks, cha 1975, kitoke wapi kitoke. Yeye alisimamia mfumo wa kompyuta za IBM, akaona kwamba kuongeza watu kwenye kazi ya programu iliyochelewa kunaichelewesha zaidi, maana wapya wanakula muda wa wazoefu. Mko wanne, bado hamjafika huko, lakini mteja akianza kuwaambia "ongezeni vijana" mtakikumbuka.

Nakala yangu ya Brooks iko kwa jamaa pale stendi ya Kange, kaiazima toka Ramadhani. Ukipita uichukue, mwambie nimekutuma.

MtuWaKange

Mzee jamaa ndiye mimi. Nimefika sura ya pili. Duga njoo Jumamosi.